Prado, Tela na Mananasi: Springi Ipi Inakufaa Ukitaka Kuvuta Mzigo wa Shamba

Leo tuweke pembeni mbolea na bei za soko, tuongee gari. Mimi ni bwana shamba, si fundi gereji, na diploma yangu ni ya kilimo. Lakini kuanzia Mapinga, Kerege na Zinga mpaka huku Kiwangwa na Msata, kijana akishavuna vizuri misimu miwili mitatu, swali linalofuata si la mbegu tena. Ni hili: "Bwana shamba, nimechukua Prado, nataka kuvuta tela. Niweke springi gani?" Nimeulizwa mara nyingi mpaka ikabidi nijifunze. Na somo lenyewe nimelilipia, kwa sababu jibu la kwanza nililowahi kumpa mtu lilikuwa baya na likampindulia tela.

Nianzie hapo.

Ni kijana wa Kiwangwa, jina lake nalihifadhi. Analima mananasi. Sehemu kubwa anauzia shambani, Canter zinakuja, zinapakia, zinaondoka. Lakini ana wateja wa juisi Dar wanaotaka matunda yaliyochaguliwa, yaliyoiva sawasawa, yasiyo na jeraha, na wanalipa vizuri. Kukodi Canter kwa kreti thelathini tu ni kuigawia faida barabara. Akaona kwa kuwa anayo Prado ya mwaka 2010 aliyoiagiza Japani, ile ya daraja la juu yenye viti vya ngozi na mabegi ya upepo nyuma badala ya springi za chuma, basi achomelewe tela, apeleke mwenyewe mara mbili kwa wiki. Wazo zuri. Mimi mwenyewe nilimuunga mkono.

Siku ya kwanza tukapakia kreti 30, kila moja kilo 20 hivi. Gari likalala nyuma, pua ikaangalia minazi. Akaniuliza, "Bwana shamba, hii imekaaje?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, kama vile naeleza nafasi ya miche: "Mzigo umekaa mbele mno kwenye tela, ndiyo maana unalikandamiza gari. Sogeza kreti nyuma." Tukasogeza. Gari likainuka, likakaa sawa. Na picha tukapiga.

Tulipoanza kuteremkia bonde la Ruvu, spidi kama 90, tela likaanza kuyumba. Kwanza kidogo, kama mtu anayetikisa kichwa kukataa. Halafu likawa linavuta gari zima kushoto na kulia. Kijana akakanyaga breki kwa nguvu, na leo najua hapo ndipo tulipomaliza kazi. Tela likalala ubavu, mkono wake ukapinda, kreti zikamwagika mtaroni. Gari lilisimama zima. Hakuna aliyeumia. Lakini dakika chache tu nyuma tulikuwa tumewapita watoto wa shule wakitembea pembeni ya lami, na hao ndio ninaowakumbuka kila nikipita pale. Mananasi tuliyookota hayakuwa tena ya mteja wa juisi.

Mgonjwa hakuwa mzigo

Tulimpeleka Prado kwa fundi mmoja mtu mzima pale Bagamoyo mjini. Baada ya shikamoo, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mlipima?" Tukatazamana. Kupima nini? Akachukua ndoo ya maji yenye sabuni, akaingia uvunguni, akamwagia mabegi ya upepo. Begi la kushoto likatoa mapovu kama mtoto anayepuliza ulanga wa sabuni.

"Sasa wanangu," akasema, "gari hili halikulala kwa sababu ya mananasi. Lililala kwa sababu begi linavuja. Mgonjwa ni begi, ninyi mkaenda kumtibu mzigo."

Hapo ndipo penyewe. Prado yenye mabegi ya upepo nyuma, injini ikiwa inawaka, inatakiwa ijisawazishe yenyewe unapoongeza mzigo. Kuna sensa inayosoma gari limeshuka kiasi gani, inaiambia kompresa, kompresa inaongeza upepo, nyuma inanyanyuka. Ikiwa nyuma imebaki chini, ama umezidisha mzigo, ama mfumo unaumwa. Sisi hatukuuliza ni lipi. Tulitafuta tu gari lipendeze kwa macho, na ili lipendeze tukauondoa uzito kwenye mkono wa tela, mahali pekee ambapo ulikuwa unalishikilia tela litulie.

Kwa hiyo kabla hujamuuliza fundi habari ya springi, elewa uzito huu wa mkono.

Tela linapofungwa, sehemu ya uzito wake inakaa kwenye kile kirungu cha duara nyuma ya gari. Ikiwa ndogo mno, tela linakuwa jepesi mbele na mkia wake mzito unaanza kulipeleka gari unakotaka. Ikiwa kubwa mno, gari linakandamizwa nyuma na kunyanyuliwa mbele. Marekani hushauri asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela pamoja na mzigo. Ulaya wanakwenda chini ya hapo, tena tela zao ni za breki na za mwendo wa kadiri. Kwa tela zetu za kuchomelewa mtaani mimi nashika asilimia 10, mradi isizidi kiwango kilichoandikwa kwenye chuma cha kuvutia. Tela lenye uzito wa jumla kilo 700, mkono wake uwe na kilo 70 hivi.

Utapimaje? Mkulima hahitaji mashine ya ajabu. Ile mizani yako ya kuning'iniza unayopimia mazao inatosha. Pakia tela kama utakavyosafiri, lisimamishe mahali tambarare, ziba matairi yake kwa mawe mbele na nyuma. Simamisha nguzo tatu imara zilizofungwa juu, ning'iniza mizani, funga mnyororo kwenye mkono pale pale panapokaa juu ya kirungu, kisha inua mpaka mkono uwe kwenye kimo kilekile unachokaa ukiwa umefungwa garini. Soma. Ukikuta pungufu, sogeza kreti moja moja mbele ya ekseli. Ukikuta zaidi, rudisha. Mizigo mizito ikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, siyo nusu mwanzo wa tela na nusu mwisho.

Na sasa hesabu ambayo ilinifumbua macho. Prado, ya umbo la 120 na la 150, ina karibu mita 2.8 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Kirungu chako kiko nyuma zaidi ya ekseli ya nyuma, tuseme mita 1.2, wewe pima la kwako. Ukiweka kilo 100 kwenye kirungu, ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 100. Inaongezewa kama 143, kwa sababu ni kama ubao wa pembea: uzito ulio nje ya egemeo unanyanyua upande wa pili. Zile 43 za ziada zimetolewa kwenye matairi ya mbele, yaani kwenye usukani na kwenye breki zinazofanya kazi kubwa ya kukusimamisha.

Ukiweka springi ngumu nyuma au ukajaza upepo, gari litanyanyuka likae sawa, ila zile kilo 143 bado ziko kwenye ekseli ya nyuma, na 43 bado zimetoka mbele. Springi inabadilisha kimo cha gari. Uzito haiuhamishi. Kukaa sawa kuna faida zake, taa haziwapigi machoni wanaokuja na shokapu zinapata nafasi ya kufanya kazi, lakini usiangalie gari limekaa sawa ukasema mzigo uko sawa. Mimi nilisema hivyo, na mmesikia nilipoishia.

Ukiwa na mabegi ya upepo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vijana wengi wanapoliwa hela.

Magari ya kifahari yanayofika kwetu yakiwa yametumika mara nyingi yana mfumo huu. Prado za daraja la juu zina mabegi nyuma tu, mbele ni koili. Land Rover Discovery 3, iliyotoka mwaka 2004, na Discovery 4 iliyoifuata, nyingi zina mabegi kwenye matairi yote manne, vivyo hivyo Range Rover Sport. Kwa kuvuta tela, mfumo mzima ukiwa na afya ni raha isiyo na mfano. Ukiwa mtupu gari ni laini, ukifunga tela linajiinua lenyewe, ukifika sokoni ukashusha linajishusha. Hakuna springi ya chuma inayoweza kuwa laini Jumapili na ngumu Jumatatu.

Tatizo ni umri. Mpira wa begi unazeeka, unapasuka kwenye mikunjo, na vumbi na matope ya barabara zetu za mashambani vinausaga. Vile vifimbo vya sensa uvunguni vinashikwa na kutu. Sisi watu wa pwani chumvi ya hewani tunaijua, mabati yetu ni mashahidi. Begi likianza kuvuja, kompresa inafanya kazi muda wote kufidia upepo unaotoka, inachemka, mwisho inaungua. Ndiyo maana mtu anabadilisha kompresa leo, na baada ya miezi michache inakufa tena: aliacha begi bovu mahali pake.

Kwa hiyo fanya uchunguzi mwenyewe kabla ya kununua gari, au kabla ya kukubali ushauri wa mtu. Jioni, gari likiwa tupu mahali tambarare, pima kwa futi kamba kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, pande zote nne, andika. Asubuhi kabla hujawasha, pima tena. Kushuka kidogo sana usiku kucha si ajabu. Lakini upande mmoja ukishuka vidole viwili na mwingine umebaki palepale, hapo pana tundu. Washa gari usikilize: kompresa iungurume kidogo kisha inyamaze. Ikiendelea tu, si dalili njema. Baada ya hapo ndiyo maji ya sabuni. Na tafadhali, usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na upepo peke yake. Zima mfumo kwa swichi yake kama kitabu kinavyosema, piga jeki, weka stendi, ndipo uingie. Begi likiachia ghafla, gari halikupi nafasi ya kutoka.

Ukikuta begi bovu una njia mbili. Ya kwanza ni kuweka mabegi mapya, mawili kwa pamoja, kushoto na kulia. Mapya, nasisitiza. Ilala na Gerezani utapata yaliyovuliwa kwenye magari mengine kwa bei inayovutia, lakini mpira uliozeeka kwenye gari la mwenzako haujarudi ujana kwa sababu umehamia kwako. Njia ya pili ni kutoa upepo kabisa na kuweka koili. Hii inawezekana na mafundi wanaifanya kila siku, ila ifanywe kikamilifu: koili zinazolingana na gari lako, vikalio vyake, shokapu zinazolingana na koili hizo, na ule ubongo wa mfumo ushughulikiwe ili taa ya onyo isibaki inawaka. Ukizoea kuendesha na taa ya onyo inawaka, siku ikiwaka kwa sababu nyingine hutaijua.

Na ukishabakia na upepo, unapovuta tela weka kimo cha kawaida, siyo cha juu. Najua kimo cha juu kinapendeza kwenye picha. Gari lililonyanyuliwa linayumba zaidi, na mengi hujishusha yenyewe spidi ikipanda.

Springi za koili

Kama gari lako ni la koili nyuma, swali la kujiuliza ni moja: mzigo wako unakaa garini muda wote, au unakuja na kuondoka?

Watengenezaji kama Old Man Emu wa Australia hutoa springi za gari moja kwa madaraja tofauti ya mzigo: ya gari tupu au mzigo kidogo, ya mzigo wa kati, ya mzigo mzito unaokaa muda wote. Kijana akisikia hivyo anakimbilia ile nzito kuliko zote, kwa hesabu kwamba nguvu haijawahi kumuumiza mtu. Inaumiza. Ile nzito imetengenezwa kwa mtu ambaye gari lake halishuki mzigo, ana vifaa, matangi na mizigo siku zote. Wewe unavuta tela mara mbili kwa wiki na siku nyingine unapeleka mama kliniki. Springi ile ukiwa mtupu haiminyiki, nyuma inaruka kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, tairi linaachia ardhi, na kwenye kona yenye kokoto unaweza kujikuta unatazama ulikotoka. Kwa tela la shamba la mara kwa mara, chagua ya kati.

Nyongeza ninayoipenda kwa mkulima ni yale mabegi madogo ya upepo yanayoingizwa ndani ya koili. Siyo yale ya mfumo wa kielektroniki. Haya ni mfuko tu wenye mdomo wa kujazia kama wa tairi. Ukifunga tela unajaza, ukifungua unapunguza. Mfuko wenyewe ni mdogo, hata pampu ya baiskeli inatosha. Mambo mawili muhimu: usiyaache bila upepo kabisa ukiwa mtupu, baki na kile kiwango cha chini kilichoandikwa, mara nyingi ni 5 psi, la sivyo mpira unajikunja na kukatika. Na kila upande uwe na mdomo wake. Ukiyaunganisha kwa bomba moja, ukikata kona upepo wa upande ulioelemewa unakimbilia upande wa pili, gari linalala zaidi.

Ile mipira inayosokomezwa katikati ya mizunguko ya koili, mnaijua, sipendi hata kuizungumzia kwa ajili ya tela. Inanyanyua gari, ndiyo, lakini kwa kuinyima sehemu ya koili kufanya kazi, mizunguko iliyobaki inabeba kila kitu. Na shokapu? Shokapu haibebi mzigo. Kazi yake ni kuzuia springi isiendelee kudunda. Ukibadilisha springi ukaacha shokapu kuukuu zilizolowa mafuta, umemnunulia ng'ombe dume jembe jipya ukasahau kamba.

Wengine kidogo

Wenye Land Cruiser 100 na 200 za daraja la juu, na Lexus LX470 au LX570: gari lako linaweza kuwa na mfumo wa AHC. Huo unatumia mafuta ya haidroliki yanayosukumwa na pampu na vitungi vyenye gesi, vikisaidiana na springi za chuma. Fungua boneti utazame tangi la mafuta yake gari likiwa kimo cha chini, kisha lipandishe kimo cha juu utazame tena. Mafuta yanatakiwa yapungue vizuri tangini. Yakibadilika kidogo tu na gari linadunda kama mkokoteni, vitungi vimekufa. Kuna fundi atakwambia ang'oe vyote. Tafuta fundi wa pili kwanza.

Wenye Land Cruiser mkonga, Hilux na nyinginezo zenye springi za mabamba nyuma, hamna maswali mengi. Gari lenu limezaliwa kubeba. Kagueni bamba lililovunjika na bushi, muendelee na kazi.

Mambo ambayo springi haitakusaidia

Baada ya ajali nilifanya hesabu niliyopaswa kuifanya kabla. Tela tupu kilo 350, kreti 30 za kilo 20 ni 600, jumla 950. Magari mengi ya aina hii, kitabu chake kinaweka kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki zake lenyewe. Letu halikuwa na breki. Kwa hiyo hata kama mkono ungekuwa na uzito sahihi, hata kama mabegi yangekuwa mapya kutoka kiwandani, tulikuwa tumezidisha kilo 200. Discovery inaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500, watu wanapenda kuitaja namba hiyo, lakini hiyo ni kwa tela lenye breki na chuma cha kuvutia kilichopimwa kwa kazi hiyo.

Chuma chenyewe ni jambo jingine. Prado nyingi za kutoka Japani hazina, kinatengenezwa hapa. Hakikisha kimefungwa kwa bolti kwenye chasisi, si kuchomelewa kwenye bampa. Kirungu na kikombe cha tela viwe saizi moja. Kuna vya milimita 50 na kuna vya inchi mbili, ambavyo vinafanana kwa macho lakini havikai pamoja vizuri. Matairi ya nyuma yaongezwe upepo kwa kiwango cha mzigo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Na tela lisajiliwe, liwe na namba na taa zinazowaka. Hayo askari wa barabarani atakufundisha vizuri kuliko mimi.

Likianza kuyumba ukiwa njiani: ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani umenyooka, usishindane nalo kushoto na kulia, usikanyage breki kwa hasira, wala usiongeze mwendo. Spidi ikishuka litatulia. Simama pembeni, panga mzigo upya.

Springi za tela nazo

Hapa narudi kwenye fani yangu. Kijana anatumia pesa kulainisha gari analokaa yeye, halafu mananasi yanakaa juu ya ekseli iliyokatwa kwenye pikapu kuukuu, na springi zake zote, ambazo zilikusudiwa kubeba mara mbili ya mzigo ule. Tela la namna hiyo halichezi, linaruka. Nanasi la chini linapigwa mpaka linapondeka upande mmoja, kwa macho hulioni, kesho yake kwenye joto la Dar linaanza kutoa maji na kunuka pombe. Mteja wa juisi anakata bei, wewe unadhani ana roho mbaya. Mwambie fundi uzito halisi utakaobeba, akupangie mabamba yanayolingana nao, aweke na shokapu kama inawezekana. Tumia kreti, tandika nyasi kavu chini, usirundike. Wa matikiti nao wanisikilize hapa, maana tikiti likipata ufa limekwisha.

Kijana wetu aliamua nini? Mimi ningebaki na mabegi ya upepo, nibadilishe mawili, basi. Yeye akakataa. Hoja yake: "Bwana shamba, begi likipasuka Kiwangwa siku ya mavuno, fundi mwenye kompyuta ya kusoma huu mfumo namtoa wapi? Koili hata fundi wa trekta anaijua." Sikuwa na jibu la maana. Akaweka koili za mzigo wa kati, shokapu mpya, na vile vimfuko vya ndani. Mkono wa tela ulinyooshwa na kuongezewa nguvu, nusu ya gharama nililipa mimi, hakutaka lakini nililipa. Kuhusu breki za tela bado anajikusanya, kwa hiyo kwa sasa anabeba kreti 18, jumla kilo 710 na tela lenyewe, mkono ukisoma 70 kwenye mizani. Spidi haizidi 70.

Kwenye ukingo wa bodi juu ya tairi la nyuma amepiga alama ndogo ya rangi nyeupe. Kila alfajiri akishapakia anaweka futi kamba kutoka katikati ya rimu hadi pale, anaandika kwenye daftari lilelile la mauzo. Wiki iliyopita tarakimu ilishuka upande wa kulia. Kimfuko kilikuwa kimepungua upepo. Akajaza kwa pampu ya baiskeli, akaondoka.